Ameukwaa! Komedi nne za utajiri wa ghafla, na ipi umwekee nani

Kuna methali ambayo wazee huitoa wakishahakikisha watoto wadogo hawapo karibu: maskini akipata, matako hulia mbwata. Mtu akiukwaa utajiri, hata mwendo wake unabadilika, na mtaa mzima unausikia. Runinga za Amerika Kaskazini zimevuna kwenye kichekesho hicho kwa zaidi ya miaka 60. Familia moja, nyumba kubwa isiyoendana nayo, na majirani wanaochungulia nyuma ya pazia.

Likizo ya Desemba tulikuwa watu watano nyumbani kwangu na rimoti moja. Mama alikuja kutoka Muheza, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Watoto wangu wana miaka 9 na 15. Mke wangu akirudi kazini hataki kitu cha kuumiza kichwa. Kazi ya kutafuta kipindi ambacho wote tungekaa nacho, bila mtu kujiondokea na simu yake chumbani, ikaniangukia mimi. Nikajaribu vinne: The Beverly Hillbillies, The Jeffersons, The Fresh Prince of Bel-Air na Schitt's Creek. Hiki cha mwisho kinakwenda kinyumenyume, maana ni matajiri wanaofilisika asubuhi moja. Nimekiingiza makusudi.

Nilianza kwa kujiuliza kipi kinachekesha zaidi, na swali hilo halikunifikisha popote kwa sababu kila mtu pale sebuleni alikuwa na jibu lake. Lililonisaidia ni jingine: hapa anachekwa nani? Ile methali inamcheka maskini aliyepata. Vipindi hivi vinne havikubaliani nayo, wala havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe, na humo ndimo utakamochagulia.

Pesa ilivyoingia

Jed Clampett wa The Beverly Hillbillies ni mjane wa milimani anayeishi kwenye kibanda. Mafuta yanagunduliwa kwenye kinamasi chake, kampuni inainunua ardhi kwa dola milioni 25, naye hajui hiyo ni nini. Katika sehemu ya kwanza anawasimulia ndugu zake kwamba yule bwana ameahidi kumlipa kwa dola za aina mpya ambayo hajawahi kuisikia. Za aina gani? Anajikuna kichwa mpaka jina linamjia: milioni. Ndugu yake wa kike anapiga ukelele. Jed bado hajaelewa kelele ni za nini.

George Jefferson hakuokota chochote. Gari lake liligongwa na basi, akalipwa fidia, na fidia ile akaifungulia duka la dobi, lile la kufua na kupiga pasi kwa mashine. Duka likazaa maduka. Kilichokuja ghafla ni kuhama: jana walikuwa Queens, wakipakana ukuta na mzungu mbaguzi, leo wako ghorofa ya juu Manhattan, mlinzi anawafungulia mlango wa jengo.

Will wa The Fresh Prince hana hata senti. Ni kijana wa West Philadelphia aliyegombana uwanja wa mpira wa kikapu, mama yake akaogopa, akampakia kwenda kwa ndugu zake matajiri Bel-Air, Los Angeles. Utajiri si wake, lakini anaulalia, anaula na kuuvaa.

Na familia ya Rose katika Schitt's Creek walikuwa na himaya ya maduka ya kukodisha video. Msimamizi wa fedha zao hakulipa kodi, serikali ikabeba kila kitu. Ikawaachia kimoja tu kisichokuwa na mnunuzi: kijiji cha Schitt's Creek, ambacho baba alimnunulia mwanawe kama zawadi ya kuzaliwa, kwa utani, kwa sababu jina lake kwa Kiingereza linasikika kama tusi.

Ukidhani habari ya Jed ni ya kubuni tupu, kumbuka Juni 2020, Mirerani. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa tanzanaiti, aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa kilo 15 hivi kwa pamoja, akapewa hundi ya zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na Rais Magufuli akampigia simu watu wakishuhudia. Waandishi walipomuuliza maisha yatabadilikaje, akasema hayatabadilika, ng'ombe wake 2,000 ataendelea kuwachunga mwenyewe. Pia alitaka kujenga shule karibu na kwake. Mke wangu alipomwona Jed na kofia yake ileile iliyochakaa, kamba kiunoni badala ya mkanda, kasri nyuma yake, akasema, "Huyu ni Laizer wa wazungu." Nami sikupata ulinganisho bora kuliko huo.

The Beverly Hillbillies: kwa bibi na mjukuu

Ilianza kwenye kituo cha CBS cha Marekani tarehe 26 Septemba 1962 na kumalizika Machi 1971, sehemu 274. Za misimu mitatu ya mwanzo, 106 kwa jumla, ni za picha nyeusi na nyeupe, na mwanangu wa miaka 9 alidhani TV imeharibika. Baada ya dakika kumi alisahau habari ya rangi.

Uzuri wa kipindi hiki kwa familia yenye lugha mchanganyiko ni kwamba mzaha wake unaonekana kwa macho. Kuna meza ya biliadi ndani ya kasri. Hawa watu hawajawahi kuiona, ila ni meza, tena kubwa na ina kitambaa kizuri cha kijani, kwa hiyo ndiyo ya kulia chakula siku za wageni. Zile fimbo ndefu za kuchezea? Hapana shaka ni za kusogezea sufuria hadi upande wa pili. Bwawa la kuogelea wanaliita dimbwi la saruji.

Kizuri kuliko vyote ni kengele ya mlango. Kila mara wanasikia muziki kutoka ukutani, na kila muziki ukilia wanamkuta mtu amesimama mlangoni. Wanashangaa, wanajaribu kuunganisha mambo hayo mawili, wanashindwa. Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu, wala hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Kisha akauliza, "Na hao wengine wanaocheka, wamekaa wapi?" Ni kicheko cha kubandikwa, Mama.

Bibi wa familia, Granny, aliyechezwa na Irene Ryan, ana mtambo wa kupika pombe ambayo yeye anaiita dawa ya baridi yabisi. "Huyo anapika gongo," Mama akatamka mara moja, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona. Kilichomstaajabisha si gongo, bali kugundua kwamba Granny si mama wa Jed, ni mama mkwe wake. Mkwe na mkwewe nyumba moja, meza moja, wanafokeana, tena bibi ana bunduki! Kwa Mama hicho kilikuwa kichekesho cha pili ambacho nadhani mtunzi wake, Paul Henning, hakukikusudia.

Sasa, anachekwa nani? Ukitazama kijuujuu utasema wanachekwa washamba. Kaa nao sehemu tatu nne utamwona Drysdale, mkuu wa benki inayotunza zile milioni, aliyewahamishia jirani na kwake ili asizipoteze machoni. Anamchukia mbwa wao na anambusu. Anakunywa ile dawa ya Granny huku machozi yanamtoka. Yuko tayari kufanya lolote ili akaunti isihamie benki nyingine. Jed hajabadilika tangu kinamasini, matako yake hayajalia mbwata hata kidogo. Yanayolia ni ya wale waliomzunguka. Kidogo yanalia pia ya Jethro, yule kijana anayejivunia kumaliza darasa la sita na kutaka leo kuwa daktari wa ubongo, kesho jasusi.

Kasoro zipo. Ni ndefu mno: ukiitazama yote, kwa dakika 25 hivi kila sehemu, ni zaidi ya saa 110, na kuanzia katikati wanarudia maji yaleyale. Watu weusi karibu hawaonekani kabisa. Granny hajawahi kukubali kwamba Kusini lilishindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vita ambavyo kwa upande wa Kusini vilipiganwa kulinda utumwa, na kipindi kinalichukulia hilo kama utani mtamu wa kizee. Wahindi Wekundu wakitokea, wanatokea kwa mavazi ya maigizo ya shule. Kwa mtoto wa miaka 9 itapita. Kwa wa miaka 15, jiandae kuulizwa.

The Jeffersons: kwa aliyewahi kufungua biashara

Hii niliitazama zaidi na mke wangu, watoto wakiwa wamelala. CBS tena, Januari 1975 hadi Julai 1985, sehemu 253. Sherman Hemsley ni George, Isabel Sanford ni mkewe Louise. Mwaka 1981 Sanford akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy, ile ya runinga ya Marekani, ya mwigizaji mkuu wa kike katika komedi.

George ndiye methali yenyewe ikitembea. Tazama mwendo wake: mabega mbele, kifua kimetoka, hatua fupi za haraka kama jogoo aliyetoka kushinda. Anatupa pesa mbele ya watu, anafungia mlango watu usoni, anajipendekeza kwa tajiri mzungu wa ghorofa ya juu huku akimtukana jirani yake mzungu asiye na faida kwake. Kipindi kinamcheka, na yeye mwenyewe anastahili. Ila hakimdharau, maana unajua ametoka wapi, na kila kiburi chake kina mlango uliowahi kufungwa mbele yake.

Louise aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani. Sasa mumewe anamtaka aajiri dada wa kazi, naye inamuuma. Katika sehemu ya kwanza anakuja Florence kuomba kazi. Anaangalia sebule, anamwangalia Louise, anamwangalia na Helen anayekaa jengo hilohilo, mweusi mwenzao. Anauliza: nyie wote wawili mnakaa humu? Wanakubali. Florence anashangaa, kama ni hivyo basi ukombozi ulishafika, mbona yeye hakuna aliyemwambia? Mke wangu alisimamisha picha akacheka peke yake. Aliyewahi kuwa na ndugu mmoja aliyenunua kiwanja Mbweni na wengine tisa waliobaki palepale anaujua uchungu wa swali lile.

Florence alikusudiwa kutokea mara moja tu. Watu wakampenda, akabaki mpaka mwisho, na akawa ndiye anayeishi raha kuliko mwajiri wake: mlango ukigongwa hafungui, George akifoka anamrudishia. Marla Gibbs aliyemwigiza aliendelea na ajira yake ya shirika la ndege kwa miaka miwili akiwa tayari nyota wa runinga. Huyo ndiye aliyeielewa pesa ya ghafla kuliko wote waliokuwa kwenye jukwaa lile.

Na kuna mavyaa. Mama yake George anakuja, anakunywa, na kila neno analomwambia Louise lina sindano ndani. Wanaoishi na wakwe watajikuta wanatazamana pembeni.

Kwa nini sikuiweka mbele ya familia nzima? Kwanza ni kipindi cha maneno. Watu wanne sebuleni wanabishana, na asiye na Kiingereza cha kutosha anabaki kuangalia makochi. Manukuu tuliyopata yalikuwa ya Kiingereza tu. Pili, maneno yenyewe ni makali. Helen na mumewe Tom, mzungu, ni miongoni mwa wanandoa wa kwanza wa rangi mbili kuonyeshwa kwenye runinga ya Marekani saa za watazamaji wengi, na George hakosi siku bila kuwaita pundamilia. Matusi ya rangi yanatajwa humo waziwazi. Lengo lake ni kumwaibisha anayetukana, lakini mtoto mdogo anabeba tusi tu, lengo analiacha.

Jambo jingine ni kwamba ilikatwa bila sehemu ya kuaga. Ukiwa mtu wa kutaka mwisho, utabaki umeshika hewa.

The Fresh Prince of Bel-Air: yenye nyumba nzima ndani

Ningelazimishwa kuchagua moja tu, ningechagua hii, na sitajifanya sina upande. NBC, 10 Septemba 1990 hadi 20 Mei 1996, sehemu 148.

Kwanza tusahihishe kitu. Kwa Kiingereza Vivian ni "anti" wa Will na Phil ni "ankoli", na wengi wetu tumezoea kusema shangazi na mjomba. Sivyo. Vivian ni ndugu wa tumbo moja na mama yake Will. Kwetu huyo ni mama mdogo au mama mkubwa, na mumewe ni baba. Carlton, Hilary na Ashley si mabinamu, ni ndugu zake. Ukiitazama kwa majina hayo, hadithi inageuka. Si mgeni aliyeingia nyumba ya kifahari, ni mtoto aliyepelekwa mjini kwa mama yake mwingine akasome, jambo ambalo karibu kila ukoo wa Tanzania umelifanya. Na kila nyumba iliyompokea mtoto wa namna hiyo inayajua maswali yake: anakula nini, anatii nani, na watoto wa nyumbani wanamwonaje.

Will Smith alikuwa rapa wa miaka 21 alipoanza, hajawahi kuigiza, na alikuwa ameshaukwaa na kuupoteza. Pesa za muziki zilikwisha, deni la kodi likabaki. Aliogopa kusahau maneno kiasi kwamba alikariri ya kila mtu. Msimu wa kwanza, mwingine akizungumza, mtazame yeye midomo. Utaiona inatembea na maneno ya mwenzake. Mwanangu mkubwa aligeuza hilo kuwa mchezo, anahesabu.

Mzaha wa juu juu unamhusu kijana wa mtaani kati ya vijiko vya fedha. Sare ya shule anaivaa koti nje-ndani, bitana lake la rangi likionekana. Mhudumu wa nyumba, Geoffrey, anamwita bwana kwa Kiingereza cha Uingereza na kumtukana kwa heshima zote. Carlton anacheza dansi yake ile ya kutikisa mikono, ambayo mwanangu mdogo sasa anaicheza kila chakula kikiiva.

Lakini rudi sehemu ya kwanza kabisa, dakika za mwisho. Phil, mwanasheria mwenye mwili mkubwa, amemkasirikia Will kwa kuwachekesha wageni wake. Will anamjibu kwamba amesahau alikotoka. Phil anamwambia ana picha ya Malcolm X, mpigania haki za watu weusi, ukutani, vizuri, lakini yeye alimsikia Malcolm kwa masikio yake, na hiyo nyumba aliipigania. Anamwacha pale. Will amebaki peke yake, anakaa kwenye piano, anaanza kupiga Beethoven. Phil anarudi, anasimama nyuma akisikiliza. Hakuna anayesema kitu. Nusu saa nzima kila mmoja alidhani amemjua mwenzake.

Kuna na ile sehemu ya msimu wa kwanza ambapo Will na Carlton wanaendesha gari la kifahari la rafiki wa Phil na polisi wanawakamata, wakiamini wameliiba. Carlton, mtoto wa mwanasheria, anashikilia kwamba polisi walikuwa wanafanya kazi yao. Mwishoni anamuuliza baba yake: ungekuwa polisi ungelisimamisha gari lile? Phil anamjibu kwamba na yeye alijiuliza swali hilohilo mara ya kwanza aliposimamishwa. Kijana wangu wa miaka 15 alikaa kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo pesa haikuwasaidia?" Tulizungumza hadi saa sita usiku. Hakuna nyingine kati ya hizi nne iliyonipa usiku kama ule.

Ukifika msimu wa nne, mwaka 1994, andaa leso. Baba yake Will, aliyemtelekeza miaka 14, anatokea, anaahidi, anatoweka tena. Will anajidai haimuumi, anahesabu yote aliyojifunza bila baba, kisha anavunjika. Anayemkumbatia ni Phil. James Avery, aliyemwigiza Phil, alifariki mwisho wa mwaka 2013, na kila anapotokea kwenye skrini Mama husema, "Yule mzee ana hekima." Hajui neno lake hata moja, lakini sauti na macho vinamtosha.

Tahadhari mbili. Mama Vivian anabadilika sura: misimu mitatu ya kwanza ni Janet Hubert, kuanzia wa nne ni Daphne Maxwell Reid, hakuna maelezo zaidi ya mzaha mmoja. Mtoto mdogo atakuuliza yule wa mwanzo kaenda wapi. Pia kuna Bel-Air ya mwaka 2022, hadithi ileile iliyogeuzwa tamthilia nzito, yenye dawa za kulevya na bunduki. Mtu akikushushia hiyo akidhani ndiyo, utajikuta unaruka kochi kutafuta rimoti.

Schitt's Creek: watoto wakilala

Ni ya Kanada, kituo cha CBC, 2015 hadi 2020, sehemu 80 tu, hivyo unaimaliza yote chini ya saa 30. Eugene Levy na mwanawe Dan Levy waliitunga na kuicheza. Mwaka 2020 ilibeba tuzo zote saba kubwa za komedi kwenye Emmy, jambo ambalo hakuna kipindi kilichowahi kulifanya.

Nimeiingiza kwa sababu inauliza swali la Jed kwa upande wa pili. Jed alipata pesa bila kuwa na haja nayo. Hawa wamepoteza pesa na kugundua hawajui kufanya chochote. Wanalala vyumba viwili vya moteli kuukuu, mama amening'iniza ukutani mawigi yake anayoyatunza kama watoto. Kuna jikoni moja pale ambapo mama na mwana wanapika kwa karatasi ya mapishi ya kizamani. Karatasi inasema jibini "ikunjwe" ndani. Mwana anauliza: inakunjwaje? Mama hajui, lakini hawezi kukiri, anarudia tu neno lilelile kwa ukali unaozidi. Mke wangu alikuwa anasonga ugali siku hiyo, ilibidi azime jiko.

Ila mzaha wake umefichwa ndani ya lafudhi. Moira, aliyechezwa na Catherine O'Hara, anaongea Kiingereza cha nchi isiyokuwepo duniani, na usipoisikia hiyo tofauti nusu ya utamu imekupita. Lugha ni ya watu wazima, mapenzi yanazungumzwa bila pazia, na hadithi kuu ya misimu ya mwisho ni ya mapenzi ya wanaume wawili, ambayo kijiji kizima kinaipokea kama kitu cha kawaida. Kila nyumba ina mipaka yake, ni vema ujue kabla hujabonyeza. Msimu wa kwanza pia unachelewa kushika, familia yote inaudhi. Wapeni mpaka wa pili.

Kwa hiyo uanze na ipi?

Nyumba yenye wazee na watoto wadogo: Hillbillies, na usianze mwanzo. Anza na ile ya Januari 1964 ambayo Granny anamwona kangaruu kwa mara ya kwanza, anaamini ni sungura aliyekua kupita kiasi, na hakuna anayemwamini. Halafu rudini nyuma mkamjue Jed.

Mna kijana aliyeanza kuwajibu: Fresh Prince, kwa mpangilio wake, wala msiruke msimu wa kwanza kwa sababu nguo zake zinaumiza macho. Wawili mliotoka chini mkajenga kitu: Jeffersons, sehemu mbili kwa usiku, zikizidi kelele za George zinachosha. Na Schitt's Creek iwekeni kwa mwezi ule ambao mshahara umechelewa. Ni dawa.

Kuhusu bando: haki za kurusha vipindi hivi zinahamahama kutoka huduma moja kwenda nyingine na hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo angalia kabla ya kulipia mwezi mzima kwa ajili ya kipindi kimoja. Hillbillies ina nafuu yake. Sehemu nyingi za misimu miwili ya mwanzo hakimiliki zake hazikuhuishwa Marekani, na zimejaa intaneti bila malipo. Mama alipokuwa anarudi Muheza akaomba awekewe "yule bibi wa gongo" kwenye flashi, nikamjazia bila dhamiri kunisuta. Muziki wa kufungulia ndio bado una wenyewe, na kwenye nakala nyingi za bure umetolewa ukawekwa mwingine. Mama anaimba huo mwingine, na wajukuu wa Muheza wameshaushika.